Uzi Mmoja

Stima imepotea Jericho; nakatia dirishani.
Kitambaa cha Gikomba nimekifua, kikanywea kilivyotaka,
nikakitia wanga, nikakipiga pasi ya makaa
kikakauka kama karani.

Mwongeli aliniambia: usikivute.
Kikivutwa mshazari hukubali yote mezani,
kisha usiku hurudi kwao.

Jana nilizidisha uzi mmoja.
Uzi! Nani angeuona?
Kufika kipande cha kumi na mbili
mfarishi umeota kibiongo, pembe hazisalimiani.
Nilifumua hadi jogoo wa jirani akachoka.

Leo rula ya chuma, chaki niliyoichonga kwa wembe,
magoti sakafuni.
Nakata ndani ya mstari,
chaki ianguke na kipande cha kutupwa.
Mkasi unatafuna polepole.
Mtoto anaita. Simwitikii.
Bado vidole vinne.