Usichukue Ramani ya Hoteli

Thuwaiba, ukishuka bandarini Malindi
watakuzonga wenye kofia na wenye vipeperushi.
Waambie, "Nimefika kwetu," hata kama ulimi unakutetema,
kisha fuata upande wenye kivuli.
Kivuli ndiyo barabara yetu. Saa saba mchana
hata paka wa Mji Mkongwe
huuliza kwanza jua limekaa wapi.

Ukipita barazani usipite kama upepo.
Sabalkheri, masalkheri: hiyo ndiyo nauli ya vichochoro.
Na ukipotea, maana utapotea,
usiulize njia, uliza mtu.
Sema "kwa Maalim Haroub"
na mtoto yeyote atakufikisha kwa pipi moja,
mbili kama ana mdogo wake.

Forodhani nenda, lakini nenda umeshiba.
Urojo ule kwa Bi Shemsa, uchochoro wa nyuma Mkunazini,
hana kibao, hana bei ya wageni.
Mwambie azidishe bajia, apunguze pilipili.
Atafanya kinyume.
Kula tu.

Kiponda pana wanaume wa kahawa
wanaogombana kila alasiri
juu ya bao la mwaka sabini na mbili,
liliingia au halikuingia.
Usichague upande. Kila mmoja ana ushahidi
na hakuna hata mmoja aliyekuwepo uwanjani.

Mbarouk Kichupa ana Vespa ya kijani
tangu enzi za suruali za bugaluu.
Haendi mbio, inakohoa tu kwa heshima.
Akupakie mpaka Vuga
ukaitazame ile sinema iliyobaki kuta.
Hapo mimi na mama yako tulikuwa tukiingia onesho la wanawake,
tukizililia picha za Kihindi
ambazo maneno yake hatukuyajua:
leso moja, machozi ya watu wawili.
Yeye ndiye aliyekuwa akiondoka na leso.

Hurumzi, mlango wa buluu uliochubuka,
yupo Abbasali fundi saa.
Ukutani saa ishirini, hakuna mbili zinazokubaliana.
Muulize saa ngapi.
Atakujibu: "Ya nani?"

Mkabala wake pana studio,
pazia lake limechorwa mlima wenye theluji
na kando yake swala mwenye miguu mitano,
mchoraji alikosea, mwenye studio akakataa kufuta.
Simama mbele ya swala. Piga picha moja
usiyoweza kuifuta kwa kidole.

Haya. Sasa nikwambie nililokuficha kwenye simu.
Mimi hapa Michenzani, ghorofa ya nne,
magoti yamenigomea tangu masika ya mwaka juzi.
Ngazi sitini na nane,
nimezihesabu kwa kuzitamani.
Mji nausikia tu: honi, adhana,
mwenye mihogo akijisifu,
jirani akivuta ndoo ya maji kwa kamba.
Hayo yote niliyokuelekeza nimeyatoa kichwani,
kama mtu anayepika kwa chumvi ya jana.
Huenda Bi Shemsa kahamia Fuoni kwa wanawe.
Huenda Vespa imeuzwa chuma chakavu.
Huenda ule uchochoro sasa una mlango wa kioo
na kijana anayesema karibu kwa lugha sita.

Kwa hiyo, mwanangu, nitembelee,
kwa maana zake zote mbili:
kwanza tembea kwa ajili yangu,
halafu ndiyo uje.
Panda polepole, ghorofa ya pili taa imekufa.
Njoo na mkate wa kumimina, ule uliokolea hiliki,
nami chai nitakuwa nimeshaitia tangawizi.
Unihesabie kilichopo. Kilichopo kwanza.
Kilichokwisha tutakisema tukishakula,
tena nusu nusu.

Na zile saa za Abbasali,
ukizikuta zote zimekubaliana,
hilo usiniambie.