Stima

Neno hili limeingia nyumbani kwetu mara mbili.
Mara ya kwanza lilikuja kwa maji,
likapiga honi gatini, watoto wa Kaloleni wakakimbia.
Mara ya pili lilikuja kwa waya,
fundi akalifunga juu ya nguzo,
na nyuma yake ikafuata bili.

Mwalimu Khaoya, aliyetufundisha Kiingereza
kwa chaki moja aliyoikata vipande sita,
alisema asili yake ni mvuke tu,
kile kinachoinua kifuniko cha sufuria
na kukuunguza ukijifanya mjuzi.
Zamani kwao, alisema, lilikuwa jina la fukizo lolote,
la chungu ama la mgongo wa farasi,
kisha wakaufungia mvuke ndani ya chuma
ukaanza kufanya kazi za watu.
Akafuta ubao.
Hakutuambia jinsi neno lilivyofika Kisumu likapoteza moto wake,
likapoteza na maji yake pia,
hadi siku hizi mtu anasema stima
akimaanisha swichi.

Basi Jumanne iliyopita stima ilipotea.
Friji ya Mama Rispa ikaacha kukoroma.
Kinyozi akabaki na kichwa cha mteja
nusu kichaka, nusu uwanja.
Odindo, anayesomea umeme chuoni,
akaitukana kampuni kwa lugha tatu.
Dani alikuwa kwenye kiti chake cha kamba.
Ana miaka tisini, ama mia,
kutegemea ni nani anayeuliza.
"Imepotea wapi?"
"Hatujui, Dani."
"Upande wa Bukoba?"
Tukacheka. Tulidhani ni utani.

Saa tatu usiku taa zikawaka,
na watoto wa ploti wakapiga kelele kama kawaida:
Stima imerudi! Stima imerudi!

Dani akasimama.
Mwenyewe, bila mkongojo,
mtu ambaye tangu Pasaka hunyanyuliwa na watu wawili.
Akapapasa kitambaa chake cha kichwa.
Akalowesha kidole kwa mate, akanyoosha nyusi.
"Nipeni viatu," alisema. "Vile vyeusi."

Nikavitoa chini ya kitanda.
Vilikuwa vimepakwa rangi, na si zamani.

Obiero alikuwa mchochea moto melini.
Hilo tunalijua kwa picha moja,
meno, kofia, koleo begani kama bunduki,
na kwa kimya cha Dani.
Kwa shangazi walituambia alizama.
Hakuzama.
Stima ilirudi, tena kwa wakati,
na magunia ya kahawa, na ndizi, na barua za serikali.
Watu wakashuka wote,
hata mbuzi wakashuka,
yeye hakushuka.
Bukoba kulikuwa na mwanamke mwenye kibanda cha chai.
Chai nayo ni mvuke.

Odindo akafungua mdomo:
"Dani, stima ni ume..."
Nikamfinya.
Hakuna aliyemuuliza nguvu inatoka bwawa gani.

Nikamvalisha viatu, kushoto kwanza, kama apendavyo,
tukatoka hadi langoni, hatua kumi na nne,
nikimshika kiwiko, au yeye akinishika mimi.
Juu ya lango balbu ilikuwa inawaka,
imezingirwa na wadudu wa ziwani,
wale wadogo wanaokuja kwa mawingu na kufia kwenye mwanga.
Dani akaitazama muda mrefu.
Akatazama barabara, huku, na huku.
Bodaboda ikapita. Mbwa akapita.

"Hii ndiyo imerudi?"
"Ndiyo, Dani."
"Peke yake?"
Sikujua neno lipi ni la kweli zaidi.
"Peke yake."

Akaguna, kama mtu aliyeletewa chenji pungufu
na duka ambalo tayari alilishuku.
"Basi izimeni," alisema.
"Inakula pesa."