Sabini ya Peres

Jumamosi hii Peres anatimiza sabini
na mimi nazunguka Kibuye tangu saa mbili asubuhi
kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kwanza nilishika saa ya ukutani, rangi ya dhahabu.
Muuzaji akaipiga kofi kidogo, ikaanza kwenda.
Nikaiona juu ya kabati lake, usiku, ikimhesabia.
Mtu wa sabini hapelekewi saa.
Wala bakora, hata kama goti la kushoto
linamlilia kila akiinuka kwenye cherehani.
Mashuka? Anayo sanduku zima,
anawatunzia wageni ambao hawajazaliwa.
Na kumpa Peres kitenge ni kumpa kazi:
atakikata jioni hiyo hiyo
amshonee binti wa jirani gauni la kwaya.

"Unamnunulia mama?" akaniuliza mwenye vikombe.
Nikasema, rafiki.
"Wa miaka mingapi?"
Sabini.
Akanitazama, akatafuta mvi ambazo sina,
akapunguza bei kwa huruma.
Sikununua.

Ningemweleza nini?
Nilikuwa na ishirini na nne, mgeni kutoka Chavakali,
chumba kimoja Nyalenda, mlango unafungwa kwa kamba,
na sketi imepasuka asubuhi ya usaili.
Peres hakuniuliza pesa.
Alinivua nyuma ya pazia,
akashona huku akinitukana kwa Kijaluo,
matusi ambayo leo nawarithisha wanangu.
Kazi nikapata. Nikarudi na mandazi ya shukrani.
Akasema yameungua.
Tukayala yote.

Tangu hapo, misiba miwili yangu, mitatu yake.
Huniita nyathina, mwanangu,
ila akitaka kusengenya husahau nani alizaa nani.

Saa saba jua likanishinda.
Nikafika nyumbani mikono mitupu,
nikavuta droo kutafuta kalamu, angalau niandike kadi,
vidole vikagusa chuma.

Mkasi wake.
Ule mweusi, mzito, mpini umezungushwa kitambaa cha kijani
pale ulipokuwa ukimchubua kidole gumba.
Niliukopa nipunguze pazia.
"Kesho nakurudishia," nilisema,
na kesho ile ina miaka kumi na mmoja.
Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema.
Mimi sikulipa wala sikulia.
Nilikatia nyuzi. Nilikatia pakiti za maziwa.
Nilikatia, Mungu anisamehe, waya wa kuku.

Jioni nikaupeleka kwa Onditi, Kondele,
anayenoa kwa gurudumu la baiskeli.
Akakanyaga pedali, cheche zikamrukia ndevu.
"Huu ni mkasi wa fundi," akasema. "Nani aliuharibu hivi?"
Nikasema simjui.

Jumamosi. Hema la bluu, wajukuu, keki iliyoegemea upande,
mchungaji aliyeomba mpaka mchuzi ukaganda.
Mezani: chupa ya chai, blanketi,
blanketi, blanketi, kalenda ya chama.
Yangu ndogo, katika karatasi ya maua.
Aliipima kwanza kwa kiganja.
Akajua. Nilimwona akijua,
ingawa uso haukusema kitu.

Akafungua polepole,
akapitisha kidole gumba kwenye kitambaa cha kijani
kama mtu anayeingia kwake gizani bila kutafuta swichi.
Kisha akaikata karatasi yangu,
mstari mmoja, ukingo hadi ukingo,
bila kuangalia chini,
akiniangalia mimi.

Nikangoja machozi. Nikangoja asante.
Watu walikuwa wameanza kupiga makofi.

"Na tepu yangu ya kupimia," akasema,
"hiyo utaleta nikifika themanini?"