Hesabu ya Vandi

Tulifika Gbandewa alfajiri, viatu vimelowa,
mimi, mwanangu Massa, na darubini ya kuazima
yenye jicho moja zima na moja lililokufa.
Mlangoni pa msitu Vandi Kpaka alitukatia tiketi,
akatukagua miguu kama mwalimu wa zamu:
"Soksi juu ya suruali. Siafu hawajui mgeni."

Njia nyembamba, inanuka uyoga na mvua ya jana.
Massa akauliza kima wako wapi, wako wapi, wako wapi,
Vandi akamjibu kwa kidole mdomoni.
Msitu huu, alisema baadaye, huonwa kwa masikio.

Basi tukasikiliza.
Kwanza ikaja pumzi nzito juu ya majani,
hwaa, hwaa, hwaa,
kama mtu anayekung'uta mkeka mbichi:
hondohondo wawili, mdomo mbele, mkia nyuma,
wakapita bila kutujulia hali.
Kisha matawi yakatikisika, na hao,
kima wa ndevu nyeupe, mapaja ya rangi ya kutu,
wamevaa kama wanaokwenda kuposa.
Mmoja akakohoa. Hondohondo wakanyamaza.
"Ameona tai," Vandi akanong'ona.
"Hondohondo anakijua Kikima.
Kima akimtaja tai, naye hujificha;
akimtaja chui, huendelea kula. Chui ni shauri la kima."
Massa akacheka hadi wote wakatugeuzia visogo.

Tukafika penye kisiki,
kipana, ungeweza kumlaza ng'ombe juu yake,
kimeota kuvu, na mche mmoja ubavuni.
Vandi akavua kofia.
"Hiki changu," akasema. "Cha kumi na saba."

Hakuongeza neno kwa hatua kama mia.
Halafu akaanza, hakuna aliyemuuliza:
msumeno wa mnyororo wa kukopa, petroli kwa chupa,
malori ya usiku, deni lililorefuka kuliko mti.
Mia mbili na sita. Yote anaijua kwa namba.
Alipoishia, kijiji kilikuwa kinakunywa tope
na mbega wekundu wamehamia kwenye hadithi.

Sasa anahesabu kinyume.
Miche aliilea katika vifuko vya maji ya kunywa,
vile vya plastiki vinavyotupwa stendi ya Bo;
waliviokota yeye na wanawake wa Gbandewa,
wakavijaza udongo mweusi, wakavipanga kivulini.
Kila kisiki, miche kumi.
Mitatu hufa, miwili huliwa na paa,
inayobaki humwita baba, anasema, bila kutabasamu.
"Nimelipa hadi mia moja na arobaini.
Nikitangulia, watoto watamalizia."

Sikumwambia.
Kwamba kitanda nilichozaliwa,
kile cha mbao nyekundu alichonunua baba Kenema
mwaka uleule wa malori,
bado kiko chumbani kwa mama, hakina hata ufa,
na usiku wa joto kilikuwa kikinuka
hivihivi: uyoga, na mvua ya jana.

Mchana tukatambaa hadi kwenye jabali.
Chini ya mwamba, viota vya udongo
vimebandikwa kama vikombe ukutani.
Ni vya ndege mwenye upara wa manjano,
yule anayefuatwa kutoka Ulaya kwa ndege za chuma.
Tukakaa saa tatu.
Ruba akanywa alichokunywa kisiginoni mwangu.
Massa akalala mapajani, mdomo wazi.
Hakuja.

"Pesa ya tiketi hairudi," Vandi alisema kwa aibu.
Nikamwambia si neno.
Tulipokuwa tunatoka akanipa kifuko kimoja cha maji,
kimejaa udongo, majani mawili juu
kama masikio ya mtoto anayesikiliza watu wazima.
"Shimo lile pale."

Nikapiga magoti, nikafukia, nikashindilia kwa kiganja.
Massa, nusu usingizini, akauliza mti huu unaitwaje.
"Kitanda," nikasema.
Vandi akaandika kwenye daftari lake.
Hakuuliza kwa nini.