Nyongeza Sifuri

Orvo, leo Jumamosi nimebaki mimi na mashine,
na kipimajoto cha ukutani kinachosema kumi na tisa
huku nje Turku imeganda, mto na vyote,
baiskeli zimezikwa thelujini hadi usukani.

Niliomba silinda arobaini.
Wakuu wakauliza: za nini?
Nikasema maktaba ya mfumo imejaa,
hapana pa kuchomeka sindano.
Wakanipa kumi na mbili, na kahawa.

Nawe kwa huruma yako, zamu yako ya mwisho,
kabla hujastaafu kwenda kwa dada yako Kuopio,
uliandika tarakimu moja tu penye nyongeza:
ikijaa, iongezewe tano, na tano tena.
Akiba haiozi, ulisema.
Orvo, hii ilituozea mkononi.

Maana mfumo ukiamka huhesabu vyumba mara moja.
Hupita mlango kwa mlango,
huandika mipaka ya kila maktaba,
kisha hufunga daftari.
Chumba kitakachojengwa baadaye, hata kiwe na madirisha,
hakimo.
Anayeitwa kutoka humo haitikii.

Alhamisi programu ya pensheni ilipangiwa chumba kipya.
Saa tatu na dakika tano asubuhi ikaitwa.
Mashine ikatazama, ikaona ukuta.
Wastaafu elfu kumi na moja wakasubiri.
Bi Hellevi wa Naantali alipiga simu mara nne;
mara ya nne hakulalamika,
aliuliza tu kama bado nipo.

Basi nimetenga upya.
Kipande kimoja, kisichokatika. Nyongeza sifuri.
Ikijaa na ijae, ipige kelele usiku mbele yangu,
kuliko ipanuke kimyakimya
mahali ambapo hakuna anayetazama.

Silinda kumi na mbili hazikutosha.
Nyingine nikazitafuta kwa wafu.
Wajua kufuta kwetu kulivyo:
hufutwa jina sarakani,
mwili hubaki pale pale ulipolala,
umeshika nafasi ya mtu asiyeitwa.
Nilipopiga hesabu, theluthi nzima ya maktaba
ilikuwa hivyo.

Kuibana ikiwa inatumika sikuthubutu.
Ni kuhamisha vitanda gizani, wagonjwa wamelala:
muuguzi anarudi na dawa,
anahesabu cha tatu kutoka mlangoni,
anamnywesha mwingine.
Nimenakili tu, moja moja, kwenda nyumba mpya.
Wanaohama ni wenye majina.

Saa nane usiku nitaizima na kuiwasha,
ihesabu vyumba upya.
Nimeleta mkate wa shayiri na samaki wa kopo,
na ile sweta yako ya kijivu, uliyoisahau kitini,
nimeivaa. Usiidai.

Jumatatu Marketta alibandua kadi yako
kwenye ubao wa namba za simu.
Ilipokuwa pamebaki mraba mweupe,
mweupe kuliko ubao wote.
Mara mbili ameniuliza aweke nani hapo.
Nimemwambia asubiri.

Najua. Mimi ninayewafukuza wafu
kwa ajili ya silinda moja.

Mwisho wa hesabu zimebaki tatu, tupu, safi.
Sijaziandika popote.