Mali Isiyohamishika

Shamba la mama lilihama usiku wa Jumanne,
mvua ikiwa na siku nne bila kuvuta pumzi.
Halikuaga. Lilishuka lote kwa pamoja,
mahindi yakiwa wima, maboga yakiwa na maua,
na ule ua wa minyaa upande wa kaskazini,
kama mtoto anayebebwa usingizini
akalazwa kitanda cha jirani.

Sisi tulisikia kitu kama gunia
linaburutwa juu ya sakafu ya saruji,
gunia refu,
gunia lisilokwisha.
Mbwa hawakubweka. Jogoo wa Chilongani
aliwika saa nane, akajikatiza.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi,
mwekundu, umelowa, kama fizi
iliyong'olewa jino sasa hivi.
Kisima cha Ndahani hakikuwapo.
Njia ya shule ilifika ukingoni, ikasita,
ikaanza tena mita sitini chini,
na watoto wakaitazama
kama hesabu ya kutoa isiyo na pa kukopa.

Hakufa mtu. Walikufa mbuzi wawili wa Nyemo.
Nalitaja hilo kwa kuwa Nyemo
kila anaposikia "hakufa mtu"
huinuka akatoka nje.

Ugomvi ulianza matope yalipokauka.
Shamba la mama lilikuwa limekaa
juu ya vitunguu vya Masinga.
Masinga akasema: kilicho juu ya changu ni changu.
Mama akasema: nimepalilia mara mbili,
uliza mgongo wangu.

Akaja karani kutoka Mpwapwa,
viatu vyake kavieka mkononi,
akafungua hati ya kimila yenye alama ya dole gumba la mama,
akasoma kwa sauti ya ofisini:
mali isiyohamishika.

Tulicheka. Mungu atusamehe,
tulicheka mpaka Masinga akashika mti.
Tangu mvua ianze hatukuwa tumecheka.
Karani hakucheka. Aliandika, akafuta,
akainua kile kidude chake cha satelaiti
na kidude kikashikilia msimamo wake:
shamba halijaenda popote,
liko pale pale, pembe nne, ekari moja na robo.
Nilishika mimi ncha ya futi kamba
nikanyoosha mkono kuelekea huko.
Palikuwa na hewa.

Kwa vipimo vya serikali, basi,
mama anamiliki hewa.

Na mimi, niliyeshika kamba, nina langu la kusema,
ingawa barazani sikulisema.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na shoka jipya.
Miti ya juu kule tuliikata sisi,
mimi na wana wa Chilongani, kiangazi baada ya kiangazi,
na Dodoma mjini wakapika wali.
Kwanza yalishuka magunia ya mkaa.
Mlima ulifuata njia ile ile.

Baraza liliahirishwa. Likaahirishwa tena.
Mahindi hayakusubiri baraza.
Mama alishuka na debe, kwa njia ya mzunguko,
saa nzima kufika shamba alilokuwa akilifikia
kabla uji haujapoa.
Alimkuta Sechelela, mke wa Masinga, anavuna.
Hawakuamkiana. Mmoja alishika mstari huu,
mwingine ule.
Na katikati ya mistari, kwenye nyufa,
vitunguu vilikuwa vimetokeza majani,
vyembamba, vya kijani kilichopauka,
vimepita unene wote ule wa udongo wa watu
kuja kuuliza habari.

Hati bado iko ndani ya bati la majani ya chai.
Jioni mama huenda ukingoni, khanga mabegani,
akasimama kulikagua shamba lake.
Mwewe hukatiza humo
bila kuomba njia.