Uzani wa Saa

Nishani ya kaka yangu haikuwahi kulala kabatini.
Aliifunga kwa uzi wa kiatu
chini ya uzani wa saa ya babu,
saa iliyozoea kusimama kila Jumanne
kama punda aliyekumbuka jambo.
Tangu hapo haikusimama.
"Imepata kazi," alisema, akairudia chai yake.

Barua ya jeshi ilisema: Luteni Usu Idwal Prydderch,
umri miaka ishirini, usiku wa ukungu,
aliteka peke yake handaki lenye watu kumi na mmoja.
Mama aliisoma kanisani kwa Kiwelisi, sauti ikimkatika.

Mimi alinieleza mara moja tu, tukimenya viazi:
"Nilipotea, Gwenno. Nilikata kushoto badala ya kulia.
Nikawakuta wanapasha supu.
Njaa yangu ilizidi hasira.
Mmoja akanipa kijiko
kabla hajainua mikono."

Kijiko hicho ndicho alichokificha, ndani ya soksi.
Nishani ilining'inia mbele ya wageni,
ikishuka shubiri moja kwa siku,
na kila Jumapili aliivuta juu kwa mnyororo
bila kuitazama.

Tumemzika jana, mvua ikichapa mapaa ya sleti.
Afisa wa kikosi alikuja na kisanduku cha mahameli,
akaiomba, ikae mahali pa heshima.
Nikaukata uzi kwa mkasi wa kuku.

Saa ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Usiku nimetafuta kitu chenye uzani ule ule.
Kijiko kinatosha,
ila inachelewa kidogo.